Karani Aliyekuwa na Kadi ya Chama

Karani alikuwa akianza kazi kwa kukunja karatasi. Anachukua fulskepu mpya, anaikunja katikati kwa urefu, anapitisha ukucha kwenye mkunjo, kisha anaifungua na kupiga mstari wa kalamu nyekundu pale pale palipokunjika. Juu upande wa kushoto aliandika "Nimeona". Upande wa kulia, "Nimeambiwa". Mteja wakati huo alikuwa hata hajakaa vizuri kwenye kiti.

Duka langu la kupiga chapa na kutoa kopi liko mjini Thika, hatua chache kutoka mahakamani, na meza ya Karani ilikuwa ndani ya duka hilo, karibu na mlango, kwa miaka kumi na kitu. Mama huyu alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama. Watu walimjia awaandikie malalamiko, viapo, barua za kwenda kwa chifu na za kwenda ofisi ya ardhi. Yeye aliandika kwa mkono, mimi nikapiga chapa. Aliniita kijana wa mashine, ingawa nina watoto wawili sekondari na kipara kisichohitaji shahidi.

Namkumbuka mama mmoja wa Makongeni aliyeingia na hasira za wiki mbili. Jirani yake, alisema, anamwagia maji machafu mlangoni, amemrogea kuku, na ana mpango wa kumfukuza kwenye ploti wanamopanga.

"Maji uliona akimwaga?" Karani akamuuliza.

"Niliona na haya macho."

Kushoto.

"Kuku je?"

"Kuku walikufa, Karani! Wote watatu!"

"Sijauliza kama walikufa. Nimeuliza kurogwa. Uliona ama uliambiwa?"

"Kila mtu kwa ploti anajua!"

Kulia. Mpango wa kufukuzwa nao ukaenda kulia, maana ulikuwa umeletwa na jirani wa tatu. Walipomaliza, Karani aliichana karatasi kwenye mkunjo, akamrudishia mama yule nusu ya kulia. "Hii beba uende nayo nyumbani," akamwambia. "Hii ingine ndio tutapelekea chifu." Nusu ya kushoto ilikuwa na mistari mitatu. Mama alitoka amenuna, lakini mtaro wa maji ulichimbwa mwezi huo huo.

Mtu wa namna hiyo ungedhani ataikaba serikali koo kila asubuhi. Wapi! Karani alikuwa mtu wa serikali kuliko serikali yenyewe. Serikali hii yetu inayopenda kufungua mikutano kwa maombi, inayohubiri familia, nidhamu na heshima kwa wakubwa, ilikuwa imemkuna pale pale palipokuwa pakimwasha. Alikuwa katibu wa akina mama wa chama katika wodi yetu ya uchaguzi. Aliandika kumbukumbu za mikutano yao kwa mwandiko uliosimama wima, na kadi yake ya chama aliiweka kwenye pochi, mfuko mmoja na kitambulisho.

Lakini tisheti za chama hakuvaa. Walimletea mbili wakati wa kampeni, za manjano, zenye uso wa mgombea kifuani. Alishukuru, akazikunja, na kuanzia wiki iliyofuata alizitumia kupangusa meza. Nilipomuuliza akanijibu bila kuinua macho, "Mtu mzima havai uso wa mtu mwingine kwa tumbo." Yeye alivaa sweta ya kijivu mwaka mzima, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, na alibeba mwavuli, hata Januari penye jua kali.

Saa nne ilikuwa saa ya chai, na saa ya chai ilikuwa saa ya Fitter. Huyu alikuwa mzee kutoka Bungoma aliyetengeneza mashine za kiwanda hapa Thika mpaka goti likamstaafisha. Alikuwa akiishi Makongeni, na kila siku ya kazi alitembea mpaka dukani kwangu na mandazi mawili kwenye gazeti, moja lake na moja la Karani, kisha wakaanza kugombana. Mimi, nisifiche, nimekuwa wa upinzani tangu nijue kupiga kura, kwa hiyo kama nilikuwa refa basi nilikuwa refa aliyevaa jezi.

Kesi ilikuwa moja tu kwa miaka yote: serikali hii inaheshimu haki za mwananchi, ama haiheshimu?

"Angalia," Karani angeanza kumwambia Fitter. "Leo unaitukana serikali ukiwa umeshika ndazi, na ukimaliza unaenda kulala kwako. Sisi tulioanza kazi zamani, hayo maneno ulikuwa unaambia mto wako kitandani. Hiyo si haki, Baba Wafula?"

"Haki gani? Hiyo ni kuachia mzee apige kelele sababu hakuna mwenye anamsikia. Mimi haki nataka ni moja. Kijana yangu atoke asubuhi, na jioni arudi. Siku hizi vijana wanabebwa na magari haina namba."

"Uliona ama uliambiwa?"

"Niliona kwa simu."

"Kwa simu ni kuambiwa na picha."

Fitter aligonga meza mpaka chai ikaruka. "Mama, wewe hata nyumba ikishika moto utauliza moshi ni ya nani!"

"Na nitaandika," akasema Karani, akipangusa chai kwa uso wa mgombea.

Usidhani alikuwa kipofu. Aliposhindwa alikubali, na alikubali kwa sauti. Fitter alipomlalamikia kwamba binti yake amezungushwa miezi kupata kitambulisho kwa sababu jina lake si la huku, Karani alisema, "Hiyo nimeona mimi mwenyewe kwa ofisi. Hiyo ni makosa, na ni yetu." Alisema "yetu" namna mtu anavyosema mtoto wetu ameiba. Na mchuuzi aliyepigwa na askari alipokuja kuandikiwa malalamiko, Karani alimwandikia barua kali hivi kwamba mwenyekiti wa chama katika wodi alifika dukani kuuliza ni wakili gani huyo. "Ni mimi," akamjibu. "Mbona, kuna kitu nimesahau?"

Alikuwa na vituko vyake pia. Yeye aliyetuhubiria sheria kutwa hakuwahi kutumia daraja la waenda kwa miguu pale Ruiru akienda kumtembelea binti yake. Fitter alimfuma siku moja amenyanyua mwavuli katikati ya barabara kuu, malori yakimpigia honi, akivuka polepole kama aliyekuja kuikagua lami. Kesho yake tulimsomea mashtaka. Alijitetea kwamba ni magoti. Fitter akamkumbusha kwamba magoti mabovu pale mezani ni yake yeye Fitter, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimwona Karani akicheka mpaka miwani ikaanguka.

Kwa nini aliipenda serikali hivyo? Nilimuuliza mara moja, mvua ikiwa imetufungia ndani na wateja hakuna. Alifunika kalamu yake. Kisha akaniambia kwamba miaka ya nyuma sana aliwahi kuona umati ukivunja duka la mtu, mwenye duka akiwa amesimama kando na watoto wake, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuuambia umati basi. "Tangu hiyo siku," akasema, "mtu akiniambia atatuliza watu, mimi namsikiza." Nilimwelewa kidogo baada ya hapo, ingawa sikumwambia, maana ningepoteza hoja.

Nimtaje sasa Wafula mwenyewe, mtoto wa Fitter. Alikuwa fundi wa simu, na kibanda chake kilipakana na duka langu. Kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye nywele alizozisokota zikasimama, na mdomo usiolala. Alimwita Karani "Cucu", kama Wakikuyu wanavyomwita nyanya yao.

"Cucu, niaje? Chama iko aje leo?"

"Chama kiko sawa. Ni nywele yako haiko sawa."

"Hiyo ni haki yangu ya kikatiba, Cucu!"

"Katiba haijaona hiyo kichwa."

Alimtengenezea simu bila kumtoza, na Karani alimwandikia barua ya kuomba kibali cha kibanda bila kumtoza. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Halafu ikaja siku vijana walipoandamana mjini. Saa nne hiyo hapakuwa na chai. Mabomu ya machozi yalikuwa yanasikika upande wa stendi, na mimi ninakaa Ruiru, kwa hiyo nilishusha mlango wa chuma mapema niwahi nyumbani. Karani nilimwacha akipanda ngazi kwenda msalani ghorofa ya kwanza, akaniambia nisimngoje, ana njia yake. Wafula alikuwa bado kibandani, anakusanya simu za watu kwenye sanduku. Alinipungia mkono.

Asubuhi iliyofuata Fitter aliingia dukani vifungo vya shati vimepishana, kimoja juu kimoja chini. Wafula hakuwa amerudi. Walikuwa wamemtafuta usiku kucha, na hatimaye wamempata kwenye seli. Ameshtakiwa kwamba alivunja mlango wa supamaketi moja mwisho wa barabara na kukutwa ndani na mali ya watu.

"Alikuwa anafunga kibanda," Fitter akasema. "Aliniambia kupitia dirisha. Ati alikuwa anafunga tu, wakambeba. Karani, huyo mtoto unamjua. Anaweza kuvunja duka?"

Nilimgeukia Karani, nikingojea swali lake. Hakuliuliza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuliuliza. Alisema tu, "Pole, Baba Wafula. Pole sana," akachukua fulskepu akaikunja, na hakuipiga mstari.

Dhamana ikakataliwa. Wakili aliyejitolea kumtetea akasema jambo moja tu lingemwokoa kijana: shahidi aliyemwona akikamatwa mahali pengine mbali na ile supamaketi. Fitter akaanza kwenda duka kwa duka na goti lake bovu. Wote walikuwa wamefunga siku hiyo, ama walisema walikuwa wamefunga. Wenye simu nao wakawa wanakuja kuzidai, na kibanda kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na funguo hazijulikani ziliko. Saa nne Fitter alikuwa bado anafika, lakini mandazi yalikuwa yanabaki kwenye gazeti. Hawakugombana tena. Nilikuwa nikiuchukia ule ukimya wao kuliko kelele zote za miaka iliyopita.

Wiki ya tatu, Fitter akiwa ameenda kumpelekea mtoto dawa ya kifua kule rumande, Karani alifungua mkoba wake, akatoa funguo mbili kwenye pete moja yenye bisibisi ndogo, akaziweka juu ya printa yangu.

"Mpatie Baba Wafula. Mwambie umezipata."

Bisibisi ile ninaijua. Wafula alikuwa akifungulia simu nayo, na akikosa simu alijisafishia kucha nayo.

"Umezitoa wapi?"

"Nimeziokota."

"Wapi, Karani?"

Akaanza kupangusa meza. Nami, na ninakiri kwamba niliona raha kulisema, nikamwambia, "Uliona ama uliambiwa?"

Raha yenyewe haikudumu. Alivua miwani, akaketi, na uso wake ukawa wa bibi mzee ambaye sikuwahi kumwona kabla.

"Niliona," akasema.

Alikuwa kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, mbele ya msala, likitazama barabara. Alimwona Wafula ameshusha shata la kibanda, ameinama kutia kufuli. Pikapu ikasimama, wakashuka wanaume wanne. Wafula akainua mikono, funguo ziko kwenye mkono wa kulia. Zikaanguka. Pikapu ikaondoka upande wa pili, si upande wa supamaketi. Karani akashuka, akatia kufuli ili wezi wasiingie, akatia funguo mkobani.

"Nikaenda nyumbani," akasema. "Nikapika. Nikakula. Unasikia, kijana wa mashine? Nikakula. Nilisema serikali itaona ni makosa, itamwachilia. Nikaipatia wiki moja. Ikaisha. Nikaipatia ingine."

Nilimkasirikia sana, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja. Huyu alikuwa amemtazama rafiki yake akizunguka mji mzima akitafuta mtu aliyeona, na aliyeona alikuwa anamnywesha chai. Lakini pia nilijua ni nini kingempata. Akisimama kizimbani na kusema hivyo, atakuwa amewaita watu wa serikali waongo, katibu mzima wa akina mama wa chama. Kila kitu alichokijenga tangu astaafu, kile kiti cha mbele kwenye mikutano, wale wanawake waliomwita kila palipo na harusi, kitakwenda.

Alivaa miwani. Akachukua karatasi, akaikunja, akapiga mstari mwekundu. Aliandika upande wa kushoto mpaka ukajaa, akageuza ukurasa akaendelea. Upande wa kulia ulibaki mweupe. Fitter aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Baba Wafula," akamwambia, "nilikuwa dirishani. Nimekukosea wiki tatu."

Fitter alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza hakumtukana wala hakumshukuru. Alikaa chini, akaweka uso ndani ya mikono yake. Karani alimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

Habari zilifika chamani kabla ya karatasi kufika mahakamani. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, na adabu zake zote.

"Mama, sisi tunakuheshimu sana. Si ungesema tu ulikuwa msalani? Msalani mtu haoni kitu. Wapinzani watafurahi hii maneno mpaka wachinje mbuzi."

"Wachinje," Karani akajibu. "Mwenyekiti, serikali yangu haijawahi kuniambia niseme uongo. Wewe ndio umeniambia. Nitie kwa kumbukumbu ya mkutano, ama utatia mwenyewe?"

Siku ya kesi nilifunga duka nikaenda kusikiliza. Karani alipanda kizimbani na sweta yake ya kijivu, akaapa, akaeleza. Wakili wa Wafula alimuuliza juu ya kibanda, kufuli, funguo, saa. Alijibu kila swali kwa urefu wake na hakuongeza. Mara mbili alinyamaza kumngoja hakimu amalize kuandika, bila kuambiwa, kwa mazoea ya kazi. Kisha kiongozi wa mashtaka akasimama, kijana nadhifu mwenye tai.

"Mama, si kweli kwamba wewe umetumwa na upinzani kuja kuipaka serikali matope?"

Karani akafungua pochi polepole. Akatoa kadi ya chama, akainyoosha ili hakimu aione.

"Mimi ni katibu wa akina mama wa chama. Hata jana nimelipa ada. Sasa niulize tena, nani amenituma?"

Watu waliangua kicheko, hakimu akagonga meza, na nilimwona yule kijana wa tai akitazama karatasi zake kama zimebadilishwa. Haikuchukua siku nyingi baada ya hapo. Wafula aliachiliwa. Alitoka amekonda, nywele zimenyolewa, na alipomfikia Karani pale nje hakusema niaje. Alimkumbatia tu, mwavuli ukiwa katikati yao.

Mimi na Fitter tulikuwa tumekwisha kumhesabu upande wetu. Jumatatu saa nne Fitter alikuja na mandazi sita badala ya mawili.

"Sasa Mama, umejionea. Hiyo ndio serikali yenu."

Karani akachovya ndazi kwenye chai. "Nimeona watu wanne na pikapu. Serikali sijaiona."

"Ati nini?"

"Wewe uliona serikali pale? Ilivaa nini? Na yule hakimu amemwachilia Wafula, yeye ni wa serikali gani, ya Uganda?"

Fitter akanigeukia mdomo wazi. Alikasirika, akasusa siku mbili, siku ya tatu akarudi na hoja mpya. Chama kilimvua Karani ukatibu kwa barua isiyo na sahihi, akairudisha akidai sahihi. Wanawake walioketi naye mbele wakaacha kumwita harusini. Alilipa ada ya chama mwaka huo na uliofuata, na hakuna aliyethubutu kuikataa. Nilikuwa nikimwona ameketi peke yake na stakabadhi ya ada, na moyo wangu ulikuwa ukiniuma kwa ajili yake, ingawa yeye hakutaka kuumiwa na mtu.

Macho ndiyo yaliyomwondoa Thika. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunika, kwanza jicho moja kisha la pili, hospitali wakampanga kwenye foleni ndefu, na binti yake akamhamishia kwake Gatongora, kule Ruiru. Meza yake bado iko dukani kwangu. Nimeipangisha kwa msichana anayesajili laini za simu. Wafula amefungua kibanda kingine upande wa pili wa mji, nywele zimeota tena. Fitter humpigia Karani kila Jumapili baada ya kanisa, na nasikia wanazozana mpaka salio linakwisha.

Mwezi uliopita alinipigia mwenyewe. "Kijana wa mashine, njoo Jumamosi. Kuja na mashine."

Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, redio pajani, sweta ile ile. Alinijua kwa hatua. Tuliongea habari za duka, za Fitter na goti lake, za sheria mpya ya mikutano ya hadhara ambayo yeye aliiona ya busara na mimi nikaiona ya hovyo. Tulibishana vizuri tu, kama zamani. Binti yake alituletea chai, na alipomaliza kumimina, Karani akamtuma dukani akanunue mkate ambao ninajua ulikuwepo, maana niliuona mezani nikiingia.

Tulipobaki wawili akazima redio.

"Kulikuwa na mwingine," akasema.

"Mwingine nani?"

"Kwa ile pikapu. Kabla wamweke Wafula. Alikuwa amelala ndani, nyuma pale. Shati nyeupe, kiatu moja tu. Kutoka juu nilimwona mwili wote. Aliinua kichwa, akaniona. Tuliangaliana."

Nilimuuliza kama Wafula anajua. Akasema Wafula alimwambia kwamba walimfunika uso mara tu walipomkamata. Alisikia mtu akipumua kando yake, na kabla hawajafika kituoni pikapu ilisimama mahali, na ilipoondoka tena hakumsikia.

"Na mahakamani, Karani? Mbona hukusema?"

"Wakili aliniuliza mambo ya Wafula. Nikajibu mambo ya Wafula. Nimekaa kortini miaka mingi, najua kujibu swali na kunyamaza." Mikono yake ilikuwa inaisugua redio, ikirudi pale pale. "Wafula alikuwa na babake. Babake alikuja kila siku, nikamwona na shati yake imefungwa vibaya, nikashindwa. Huyu ingine nilisema nitangojea mtu wake. Mama, ndugu, mtu yeyote aulize mara moja tu, nitamwambia. Nimengoja kwa hiyo meza mpaka macho ikaisha. Hakuna mtu alikuja."

Nilikuwa nimeisimulia hadithi ya Karani na kadi yake kila mahali, matangani, harusini, kwenye foleni ya benki, nikijisifu kana kwamba nilikuwa kizimbani mimi. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza kama pikapu ile ilikuwa tupu. Uso ulinichoma, na nilishukuru kwamba hakuweza kuuona.

"Fungua mashine," akasema.

Nilifungua laptopu magotini. Akaanza kunisomea kutoka kichwani, sauti ya kazini, wima: yeye, mtu mzima mwenye akili timamu, mkazi wa Gatongora, anaapa na kueleza kama ifuatavyo. Alisema dirisha, saa, rangi ya pikapu, wanaume wanne, shati, kiatu. Nilikuwa nikimfuata kwa shida.

"Tunaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa serikali."

"Hii hii?"

"Kwani kuna ingine?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimeitetea mbele ya watu, mpaka nikaachwa na wenzangu. Hii moja inaweza kunijibu."

Tukaendelea. Tulipofika kwenye mstari wa jina la kijana, nilisimamisha vidole.

"Jina lake silijui," akasema. "Acha nafasi."

Nikaacha.

"Umeacha ngapi?"

"Ya kutosha jina."

Akatikisa kichwa. "Acha ya majina matatu. Huyo pia ako na baba."

Nikabonyeza tena kitufe cha nukta, naye ametega sikio, mpaka mstari ukaisha.